Miezi tisa ya vidonge vya kizunguzungu, kumbe mama alihitaji kulazwa kitandani na kugeuzwa kichwa

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 66, mzaliwa wa Tanga ambaye sasa anaishi nami Dar es Salaam, amepoteza miezi tisa na amevunjika kifundo cha mkono wa kushoto kwa sababu ya ugonjwa ambao mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) aliugundua kabla dakika mbili hazijapita na kuutibu ndani ya robo saa, bila sindano, bila kidonge, na bila kifaa chochote zaidi ya kitanda.

Ilianza alfajiri moja alipojigeuza upande wa kulia ili aamke kuswali, na chumba kizima kikazunguka. Yeye hukiita kisunzi, kama watu wa pwani wanavyosema. Kilidumu sekunde chache kikakoma, lakini kikawa kinarudi kila alipolala upande ule, kila alipoinua uso kuanika nguo kambani, na kila aliposujudu. Wiki haikuisha kabla hajaanza kuswali akiwa ameketi kitini na kulala kochini akiwa ameegemea mito mitatu. Aliniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu yake, kwamba akiweka paji la uso kwenye mswala anaona ardhi inapinduka.

Zahanati ya mtaani walimpima malaria wakakosa, wakampima taifodi wakasema anayo, akameza dozi mpaka ikaisha na kisunzi kikabaki palepale. Kisha ikasemwa ni presha. Tukaenda hospitali kubwa, akaandikiwa sinarizini, dawa ya kutuliza kizunguzungu, kidonge kimoja mara tatu kwa siku, arudi baada ya mwezi. Tulirudi mara saba. Katika mara hizo saba alipigwa CT-Scan ya kichwa, ambayo ilikuwa safi na ambayo tuliilipia kwa kuuza mbuzi wawili wa nyumbani, na kila mara vidonge viliongezwa kwa karatasi ileile na mwandiko uleule. Hakuna aliyemwomba alale. Hakuna aliyemtazama macho.

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Neno kizunguzungu katika lugha yetu limebeba mambo mengi yasiyofanana. Aliyesimama ghafla macho yakaingia giza atasema kizunguzungu. Mwenye njaa, mwenye upungufu wa damu, anayeyumba akitembea, na anayeona kuta zinazunguka, wote watasema hivyohivyo. Kazi ya mganga ni kuuliza ni kipi kati ya hivyo, kinaanza ukifanya nini, na kinadumu muda gani. Mama alikuwa na majibu yote matatu mdomoni tangu siku ya kwanza: vitu vinazunguka, nikijigeuza kulia au nikisujudu, kwa muda usiofika dakika moja. Kwa anayejua kazi yake, majibu hayo yanatosha kumfanya ashuku ugonjwa mmoja kabla hajafungua faili.

Katika mwezi wa nane wa ugonjwa, usiku, akiwa amelewa usingizi wa vile vidonge, alianguka bafuni akajikinga kwa mkono, mfupa ukavunjika. Akafungwa hogo kwa wiki sita, na lilipotolewa akaelekezwa fiziotherapia ili kidole na kifundo vilainike. Yule kijana aliyempokea alimwamkia, akaushika mkono, na kabla ya jambo lingine lolote akauliza, “Mama, ulianguka vipi?” Lilikuwa swali la kwanza la maana katika miezi tisa. Mama akaeleza. Kijana akauweka mkono chini taratibu, akauliza kama ana maumivu ya shingo, akamketisha katikati ya kitanda, akamgeuza kichwa kulia kwa nyuzi 45, kisha akamlaza kwa haraka hadi kichwa kikaning’inia kidogo nje ya ukingo wa godoro, huku akimwambia asifumbe macho.

Nilikuwa nimesimama pembeni na niliona kwa macho yangu. Kwa sekunde tatu au nne hakukuwa na kitu. Halafu macho ya mama yakaanza kurukaruka kuelekea juu huku yakijisokota, naye akaling’ang’ania koti la kijana yule kwa mkono wake mzima akisema, “Mwanangu, naanguka, naanguka.” Kijana akamshika kichwa, akahesabu, na macho yakatulia yenyewe. Akaniambia, “Umeona? Ni sikio la kulia.”

Alitueleza kwamba ugonjwa huu kwa Kiingereza huitwa BPPV, na kwamba ndani ya sikio kuna chembe ndogo za chokaa ambazo kazi yake ni kuusaidia mwili kujua upande wa chini ni upi. Umri ukienda, au mtu akigongwa kichwa, chembe hizo huweza kubanduka na kuingia katika mmojawapo wa mirija mitatu ya nusu duara, na kila kichwa kinapogeuzwa hutembea humo na kuudanganya ubongo kwamba mwili unazunguka. Kidonge hakiwezi kuzitoa. Zinatolewa kwa kukigeuza kichwa hatua kwa hatua: akamgeuza kushoto, akasubiri, akamlaza ubavu pua ikielekea sakafuni, akasubiri, akamkalisha. Akarudia mara moja. Usiku ule mama alilala kitandani.

Wala hili si jambo jipya, ndiyo maana sikubali kuambiwa tuwe wavumilivu. Kipimo kile kilielezwa na Margaret Dix na Charles Hallpike wa London mwaka 1952. Tiba ile ilichapishwa na daktari wa Marekani, John Epley, mwaka 1992. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2008, uliorejewa 2017, unakataza ugonjwa huu kutibiwa kwa mazoea kwa dawa za kutuliza kizunguzungu, na kwa mgonjwa asiye na dalili nyingine haupendekezi picha za kichwa. Sinarizini ikitumiwa muda mrefu na wazee inaweza hata kuleta kutetemeka na ukakamavu unaofanana na ugonjwa wa Parkinson. Nani alituambia hayo katika zile safari saba?

Chumba cha fiziotherapia kipo katika jengo lilelile, ghorofa moja chini ya kliniki iliyokuwa ikituongezea vidonge. Nilipomuuliza daktari kwa nini hakutuelekeza huko, alinijibu kwamba fiziotherapia ni ya waliovunjika na waliopata kiharusi. Kwa hiyo ilibidi mama avunjike kwanza.

Na kazi haikuishia kwenye chembe. Kwa kukaa miezi tisa akiogopa kugeuka, alikuwa ameanza kutembea kwa kushika kuta, shingo imekaza. Anaendelea na mazoezi ya mizani, yaani ya kuuzoesha mwili kusimama na kutembea bila kuyumba: kusimama kwenye kona ya chumba miguu ikiwa pamoja, kiti mbele yake, macho wazi kisha yamefumbwa, kutembea ukumbini akigeuza kichwa huku na huku, kukazia macho herufi X niliyoibandika ukutani huku akitikisa kichwa. Mazoezi ya aina hii ndiyo tegemeo hata la wale ambao viungo vyao vya mizani viliharibiwa na sindano za antibayotiki kama jentamaisini au streptomaisini, na wengi wao wapo majumbani bila kuelekezwa popote.

Sisemi kila kizunguzungu ni hiki. Kikija pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, udhaifu wa upande mmoja au kichwa kuuma ghafla kupita kiasi, mkimbizeni mgonjwa hospitali saa hiyohiyo. Wala msimgeuze mzee shingo nyumbani kwa kufuata video.

Kwa madaktari mliomo humu: mgonjwa akiwaambia chumba kinazunguka anapojigeuza kitandani, ni nini kinachowazuia kumlaza na kumtazama macho? Kama ni foleni, mara saba tulizopanga foleni zilikula muda mkubwa zaidi. Kama hamkufundishwa, semeni hapa wazi ili tujue malalamiko haya tuyapeleke kwa nani.

Na wengine wote, naomba mtaje mkoa ambako mmepata mtaalamu wa fiziotherapia anayetibu kizunguzungu. Mama mdogo wangu yuko Pangani, ana dalili zilezile, na jana amenitumia picha ya vidonge alivyoandikiwa. Ni sinarizini.