Nijiite mkimbiaji kwanza, au nikimbie kwanza?

Mleta mada: Wakuu, nataka kukimbia saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya kazi. Kuanza si shida, shida ni kuendelea. Kuna wanaosema ujione mkimbiaji, nidhamu itafuata yenyewe. Ni kweli, au maneno ya wahamasishaji tu?

Kocha wa Mchangani: Mkuu, jina halitangulii miguu. Mwanasaikolojia Daryl Bem aliandika mwaka 1972 kwamba mtu hujijua kwa kutazama anachofanya, kama anavyomjua jirani yake. Basi jipe ushahidi. Siku 3 kwa wiki: tembea haraka dakika 5, kisha kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8. Ukishindwa kutamka sentensi nzima, punguza mwendo. Wengi huanza na kilomita 5 kila siku. Mapafu huzoea upesi, mifupa na kano huchelewa, ugoko unaanza kuuma, mtu anajiona mvivu. Uvivu wapi? Ratiba ndiyo mbovu.

MamaRaba: Naongezea. "Nitakimbia asubuhi" haina mshiko. Sema "nikishapiga mswaki, navaa raba". Mvua ikinyesha au ukichelewa kulala, tembea dakika 10 tu na uandike kwenye daftari, inahesabika. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake, London, walifuatilia watu 96: wa katikati alihitaji siku 66 tabia ikae, wa haraka 18, wa polepole alikadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Mleta mada: Asanteni. Nikitangaza kwenye status ya WhatsApp, si itanibana?

Kocha wa Mchangani: Subiri kwanza. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake, 2009, waliwapima wanafunzi wa sheria: ambao nia yao ilijulikana kwa wengine walijibidiisha pungufu kuliko wenzao. Pongezi zikitangulia, hamu inashiba. Mwambie mmoja tu, yule atakayekusubiri getini.

Bin Ugoko: Napingana kidogo na Kocha. Jina lina kazi, ila uchague lisilovunjika. Ukijiita "mtu wa kilomita 10", jeraha dogo linakuvua. "Mtu asiyekosa mazoezi" linabaki hata ukiwa unaogelea wiki mbili mguu upone. Na raba ziache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, jioni ndiyo ukajaribu, miguu ikiwa imevimba.