Vyuo vya Arusha visaidie jiji kupata faiba, au vibaki na kufundisha?

Mleta mada:
Wakuu, nina steshenari ndogo Njiro. Wanafunzi wanakuja kuprinti, faili liko kwenye barua pepe, linazunguka tu mpaka foleni inatoka nje. Niliomba kampuni moja ituvutie faiba, yaani waya wa intaneti ya kasi, mtaani, nikaambiwa wateja tuliopo hatufikii hesabu yao. Tupo duka langu, saluni mbili na nyumba kama tano.

Hapo ndipo navitazama vyuo. Kinachokula pesa kwenye faiba ni kuchimba, waya wenyewe si ghali kiasi hicho. Chuo ni mteja wa uhakika, kinahitaji kasi kila siku na hakihami. Uhasibu hapa Njiro, Chuo cha Ufundi, Makumira na Nelson Mandela vikikaa na jiji vikatangaza zabuni moja, vina nguvu ya kuweka sharti: mtaro ukichimbwa kwenda chuoni, yafukiwe na mabomba ya ziada ya kupitishia faiba, na mitaa unakopita iunganishwe. Mkongo wa Taifa, yaani njia kuu ya faiba ya nchi, umeshafika Arusha. Tunachokosa ni kipande cha mwisho, cha kutoka njia kuu hadi mlangoni.

Marekani wamefanya. Chuo Kikuu cha Illinois kiliungana na miji miwili inayokizunguka, Urbana na Champaign, wakapata ruzuku ya serikali, dola milioni 22.5, wakapeleka faiba kwenye taasisi za umma na mitaa iliyokuwa imeachwa nyuma.

Anayepinga aseme kwa nini.

Mchangiaji wa Sakina:
Mimi napinga, mkuu. Ada ninayolipa ni ya kumsomesha binti yangu. Chuoni kwake wanashea kompyuta moja watu wanne, halafu chuo kianze kuhangaikia intaneti ya saluni? Na hao Illinois walipewa ruzuku, sisi atatupa nani? Tena Makumira na Nelson Mandela viko Meru, halmashauri nyingine kabisa. Nani atasaini?

Mleta mada:
La ada nakubaliana nawe kabisa, ndugu yangu, na kompyuta moja kwa watu wanne inaumiza. Ndiyo maana sisemi chuo kichimbe. Chuo tayari kinalipia intaneti; pesa hiyohiyo iingie kwenye zabuni ya pamoja, mchimbaji awe kampuni. Kuungana si kugeni kwa vyuo vyetu, TERNET, mtandao wa pamoja wa vyuo na taasisi za utafiti nchini, ilianzishwa kwa wazo hilo.

La Meru ni gumu, sikuwa nimelifikiria vya kutosha. Itabidi halmashauri zikae meza moja. Urbana na Champaign nako kila mji una meya wake.

Ila lipo la kuanza nalo hata bila ruzuku. Barabara ikifunguliwa kwa ajili ya lami au bomba la maji, bomba tupu la faiba lifukiwe palepale. Madiwani mnaosoma hapa, kwenye kata yenu anayeuliza hilo kabla shimo halijafukiwa ni nani?