Naomba ushauri: nianzie wapi kuwafundisha vijana habari za Wahiti?

Habari zenu wakuu. Ninafundisha vijana kanisani, na binti mmoja kaniuliza: Uria Mhiti, yule askari wa Daudi, kwao hasa ni wapi? Nimesoma, nikazama.

Mji mkuu wa Wahiti, taifa la kale, ni Hattusa, na uko Uturuki ya leo. Ulibaki mahame karibu mwaka 1200 KK, miaka kama 200 kabla ya Daudi. Jina la Wahiti likaendelea kwenye falme ndogo za Shamu (Siria), Karkemishi ikiwemo. Hapo nitawaeleza kwa ufupi tu.

Kilichonishika ni maombi ya Mursili wa Pili, mfalme wa Wahiti, yaliyoandikwa kwenye vibao vya udongo. Tauni iliyoletwa na mateka wa Misri ilikuwa imeua watu miaka 20. Anakiri mbele ya miungu yake kwamba baba yake, Suppiluliuma, alivunja kiapo. Anasema ndege hukimbilia kiotani, na kiota humwokoa. Nilisoma mstari huo mara tatu.

Je, nianze na maombi haya, au na mkataba wa amani kati ya Wahiti na Ramesses wa Pili, farao wa Misri? Na waliowahi kuwasomea vijana sala ya wapagani darasani, mliwaandaaje kwanza?