Baraza lenye wavu wa mbu: kuta na dari zimaliziwe kwa nini?

Mwenye Baraza:
Habari zenu. Tumekwisha kuezeka baraza letu kwa mabati na kufunga wavu pande tatu. Kilichobaki ni dari, ambako kenchi zinaonekana, na kuta fupi za mbao chini ya wavu ambazo kwa ndani bado ni mifupa mitupu. Nilikusudia kuweka jipsamu kama ya sebuleni, kwa kuwa mvua hainyeshi humo moja kwa moja, lakini jirani amenitia shaka. Ninyi mngetumia nini, na je, nitandike nailoni nyuma yake ili kuzuia unyevu?

Seremala Mkongwe:
Jirani yako amesema kweli. Baraza hilo lina paa, lakini hewa yake ni ya nje: umande, ukungu na manyunyu yanayosukumwa na upepo hupenya wavu bila kizuizi, na jipsamu ya kawaida ikishafyonza unyevu huo hulegea kati ya kenchi na kuota kuvu. Mimi ningetumia mbao nyembamba zenye ulimi kwenye ukingo mmoja na mfuo, yaani mtaro wa kuupokea ulimi wa ubao wa jirani, kwenye ukingo mwingine, kwa sababu hata zikisinyaa wakati wa kiangazi, ulimi hubaki ndani ya mfuo na pengo halionekani. Ninalolisisitiza kwa moyo wote ni kupaka praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, pande zote za kila ubao kabla ya kuupigilia, yaani uso, mgongo, kingo na hasa ncha zilizokatwa kwa msumeno, maana ncha ndizo zinywazo maji upesi zaidi. Ubao uliopakwa uso peke yake hupokea unyevu kwa mgongo, kisha hupinda. Nailoni iache, maji yakiingia nyuma yake hayatapata pa kukaukia.

Mpenda Rangi:
Naheshimu maoni ya Seremala, ila kwa kuta fupi zinazorushiwa maji ningechagua paneli za plastiki, ambazo haziozi wala hazidai rangi. Hutanuka kwenye joto, kwa hiyo ziachiwe nafasi ya milimita chache kwenye ncha, kisha nafasi hiyo ifunikwe kwa ukanda wa pembeni.

Seremala Mkongwe:
Kwa kuta nakubali, mradi ukingo wa chini usiguse sakafu. Darini bado napendelea mbao. Kwa kuwa umeezeka kwa mabati, kumbuka kwamba hupoa usiku na kutoa matone kwa chini, kwa hiyo acha matundu ya hewa yenye wavu pembezoni mwa paa ili nafasi iliyo juu ya dari ikauke. Tumia misumari ya chuma kisichoshika kutu, la sivyo michirizi ya kahawia itatokeza juu ya rangi. Tena, kama unafikiria feni, pitisha nyaya sasa na ufunge kipande cha mbao imara kati ya kenchi mbili, kwa sababu mbao za dari haziwezi kuibeba.

Mwenye Baraza:
Nashukuruni sana. Feni tunaihitaji, nami sikuwa nimeifikiria kabisa. Nitamwita fundi umeme kabla ya kununua ubao hata mmoja.