Likizo ya gofu kutokea Dodoma: Mombasa, Zanzibar au Dar?

Mzabibu wa Hombolo

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela mfukoni.

Tuko wanne. Mimi na mdogo wangu tunacheza gofu, wake zetu hawachezi na hawana mpango huo. Bunge la bajeti likishaisha napata pumzi Julai, ila lazima niwe nimerudi kabla ya Nane Nane maana ofisi yetu ina banda Nzuguni. Makubaliano ya nyumbani ni kwamba asubuhi ni ya gofu, kuanzia mchana ni ya mji. Na mji wenyewe uwe na historia ya kuonekana kwa macho: majumba, vichochoro, ngome, chakula cha pwani. Mama watoto ameshasema hoteli na bwawa la kuogelea hata Dodoma vipo.

Imebaki miji mitatu. Mdogo wangu anang'ang'ania Mombasa, mke wangu anataka Zanzibar, mfuko wangu unasema Dar. Handikapu yangu (mipigo ninayoongezewa kwa uwezo wangu mdogo) ni 24, kwa hiyo msinipeleke kwenye uwanja wa kunidhalilisha mbele ya mdogo wangu.

Kedi Mstaafu

Mkuu, anza na mashimo ndipo uje kwenye majumba.

Mombasa ndiyo yenye gofu nyingi. Kisiwani kwenyewe kuna Mombasa Golf Club, ya tangu 1911, mashimo 9, iko juu ya bahari kabisa. Ukivuka daraja la Nyali unakuta Nyali, mashimo 18. Ukipanda na barabara ya Malindi mpaka Vipingo, kule Kilifi, kuna uwanja wa Baobab, mashimo 18 ya hadhi ya kimataifa. Pale ndipo yalipochezwa mashindano ya wazi ya wanawake ya Kenya mwaka 2019, akashinda Mjerumani Esther Henseleit. Na ukishuka kusini, Diani, kuna Leisure Lodge, mashimo 18 mengine.

Dar kuna viwili vya mashimo 18: Gymkhana katikati ya mji na Lugalo kambini. Zanzibar kuna kimoja cha kuzungumzia, kile cha Sea Cliff upande wa Mangapwani, na ni mashimo 9. Unazunguka mara mbili upate raundi kamili ya 18, basi.

Kwa mcheza gofu hapo hakuna ubishi.

Bi Mkubwa Area D

Kedi, wewe umehesabu mashimo ya watu wawili. Na wale wawili wengine?

Mwanangu Mzabibu, sikiliza. Asubuhi unaondoka saa 12 na begi lako, unarudi saa 6 au saa 7. Hapo katikati wake zenu wako wapi? Hilo ndilo swali la safari yako. Ukilala Mji Mkongwe wa Zanzibar wanatoka mlangoni kwa miguu, wanakwenda Darajani sokoni, wanapita Ngome Kongwe, wanakwenda kanisa la Mkunazini lililojengwa pale lilipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa 1873 na ujenzi ukaanza mwaka huohuo. Hawahitaji dereva, hawahitaji kukusubiri, wala hakuna wa kuwalinda zaidi ya akili zao. Jioni mnakutana Forodhani mnakula. Ukiwaweka hoteli ya Vipingo au Diani, mpaka urudi wameshanuna.

Ila wasitegemee kuingia Beit-el-Ajaib. Ile nyumba ya Sultani Barghash ya mwaka 1883 sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Wataitazama kwa nje.

Mgogo Halisi

Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi nacheka tu. Zamani misafara ilitoka Bagamoyo ikaja kupita Ugogo, na watemi wetu wakaitoza hongo ndipo ipate maji na njia. Leo sisi ndio tunatoka Ugogo kwenda kulipa ada za viwanja Pwani. Wameturudishia!

Kwa hoja: Dar. Treni ya SGR imemaliza mjadala. Tangu ifike Dodoma Julai 2024 (nauli ya kawaida ilianza na sh 31,000) mtu unakunywa chai nyumbani na mchana unakula samaki Dar. Mkishuka hamjachoka kama wa basi. Hiyo hela ya nauli na siku mbili za barabarani kwenda Mombasa ni raundi ngapi Lugalo?

Mzabibu wa Hombolo

Mgogo, treni naikubali. Ila Dar nimesoma, nimefanya kazi, nimeoa. Historia gani nitamwonyesha mtu aliyezaliwa Ilala?

Mgogo Halisi

Mtu wa Ilala ndiye haijui Dar. Muulize kama amewahi kuingia Boma la Kale pale mbele ya bandari, jengo la miaka ya 1860, enzi Sultani Majid anaanza kuujenga mji. Au Atiman House, jumba jingine la kale. Au Azania Front, kanisa ambalo kila mtu analipita akiwahi daladala ya Posta. Makumbusho ya Taifa kuna fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959. Na yote hayo kutoka Gymkhana unakwenda kwa miguu. Uwanja uko hapohapo, jirani na bustani ya mimea.

Nakubali lakini, si mji wa kale wa kupotea vichochoroni. Majengo yapo mojamoja katikati ya maghorofa.

Nimeolea Mvita

Salaam wote. Nipo Dodoma, Kisasa, ukweni ni Mombasa, Mji wa Kale. Nimesoma kwa uchungu mkiijadili Mombasa kama vile ni Vipingo na Diani tu.

Mzabibu, kaa kisiwani au Nyali. Ukikaa Nyali, uwanja uko jirani, na Mji wa Kale ni mwendo mfupi kupita darajani, isipokuwa saa za foleni. Ukimaliza mashimo 18 saa 5 umeshaoga. Wake zenu wakitaka kutangulia, teksi au tuktuk inawashusha Fort Jesus. Ile ngome Wareno walianza kuijenga 1593. Waarabu wa Oman waliizingira tangu 1696 mpaka wakaiteka 1698. Waingereza wakaigeuza jela hadi 1958. Sasa ni makumbusho, na tangu 2011 ni urithi wa dunia. Nusu siku yote inaishia humo ukiwa na mtembezaji anayejua kazi yake. Ukitoka, vichochoro vya Mji wa Kale viko mlangoni: msikiti wa Mandhry, milango ya nakshi, mabaraza. Asubuhi mahamri na mbaazi, jioni viazi karai na ukwaju. Mke wangu mimi huniambia Zanzibar imejaa watalii, Mombasa imejaa Waswahili. Sisemi kitu, ni mkwe wa watu.

Ule uwanja wa kisiwani wa mashimo 9 msiudharau. Unapiga mpira bahari ikiwa kushoto kwako na meli zinaingia bandarini, na ukikosea kidogo mpira umekwenda kwa samaki. Kwa handikapu 24 beba mipira ya kutosha na usibebe ya bei.

Dereva wa Kondoa

Wa Mombasa kwa gari binafsi: watu wengi watakwambia Morogoro, Chalinze, Segera, Tanga, Horohoro. Ni sawa. Lakini sisi wa huku kaskazini tunapita Kondoa, Babati, Arusha, Moshi, Holili, Taveta, Voi, halafu unateremka Mombasa. Lami mwanzo hadi mwisho. Mnalala Moshi, na kama begi la fimbo liko kwenye buti kuna uwanja wa gofu wa TPC, kile kiwanda cha sukari, palepale. Kutoka Taveta kwenda Voi unakatiza Tsavo, endesha mchana.

Makaratasi: pasi ya kusafiria au hati ya dharura ya Afrika Mashariki, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kadi ya gari, na ile bima ya njano ya COMESA. Bima ya nyumbani peke yake haivuki mpaka. Viza hakuna kwetu.

Mwanachuo Ng'ong'ona

Nimesoma uzi wote nikitafuta bei ya urojo. Endeleeni wakubwa.

Kedi Mstaafu

Bi Mkubwa amenibana kwenye wake, nakubali. Sasa niseme la upepo maana hakuna aliyelitaja, na Julai ni upepo.

Julai ni kusi. Unatoka kusini mashariki, asubuhi mapema umetulia, kuanzia saa 4 unapanda. Uwanja wa kisiwani Mombasa unakaa usoni mwa bahari kuu, hivyo kusi unakupiga kifuani au begani, inategemea shimo. Gymkhana ya Dar nayo inaupata. Sea Cliff ya Zanzibar iko upande wa magharibi wa kisiwa, ardhi nzima ya Unguja inakukinga. Pale mtu wa handikapu 24 anacheza gofu, siyo kubahatisha. Mtu wa Dodoma atasema upepo ameuzoea. Wetu ni mkavu, na kwetu mpira unaruka. Wa pwani ni mzito na una unyevu. Shimo ulilozoea kupiga kwa fimbo ya chuma namba 7, chukua 6 (namba ikipungua mpira unakwenda mbali zaidi), na upepo ukiwa mbele chukua 5 na upige taratibu. Anayepiga kwa nguvu kupingana na upepo anaupandisha mpira juu, na juu ndiko upepo uliko.

Kwa hiyo kokote utakakokwenda, omba nafasi ya kuanza saa 12 na nusu. Hilo pia linamfurahisha Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa Area D

Sasa unaongea.

Mzabibu wa Hombolo

Wakuu nimewasoma. Nimekaa na mdogo wangu jana, tukaita na wake zetu. Mombasa imeangushwa na siku, siyo na sifa zake. Kwenda na kurudi kwa gari na kulala njiani kunakula nusu ya likizo, na hati ya kusafiria ya mdogo wangu imeisha muda. Wote tumekubaliana Mombasa ipate safari yake peke yake, Desemba, kabla joto la kaskazi halijakolea.

Julai hii: treni mpaka Dar, asubuhi moja Lugalo na moja Gymkhana. Halafu boti kwenda Zanzibar, tulale Mji Mkongwe. Gofu kule tutacheza mara moja tu, mizunguko miwili ya mashimo 9, asubuhi zilizobaki ni zao. Mdogo wangu amenuna kidogo. Swali: kuna la kujua Lugalo? Na begi la fimbo kwenye treni na boti mnalibebaje?

Nimeolea Mvita

Nimeumia lakini nimeelewa. Desemba nitakupa jina la mtembezaji wa Mji wa Kale.

Kedi Mstaafu

Lugalo ni eneo la jeshi. Kitambulisho mkononi getini, simu mfukoni, usipige picha ovyo. Piga simu klabu siku kadhaa kabla, maana wikiendi za mashindano mgeni hapati nafasi. Kama una klabu yako, mwombe katibu barua ya utambulisho na cheti cha handikapu. Klabu nyingi zina makubaliano ya kupokeana na ada inashuka. Pia ada ya Mtanzania na ya mgeni wa nje hazifanani, jitambulishe kabla hujatajiwa bei. Fulana yenye kola na suruali au kaptula ya heshima, kote.

Begi: dreva (ile fimbo ndefu ya kuanzia) igeuze kichwa chini au ivulie kichwa kama inafunguka, vichwa vingine vifunge kwa taulo zote mbili mnazobeba, funga na mkanda katikati fimbo zisigongane. Beba begi laini, gumu linakusumbua kwenye ngazi za boti. Na ukitoka kucheza pwani, futa vyuma kwa kitambaa chenye maji baridi halafu kikavu. Chumvi ya wiki moja tu inatosha kuanzisha kutu kwenye mifereji ya uso wa fimbo, na grip (mishikio ya fimbo) zinateleza kwa unyevu.

Mgogo Halisi

Kuna mtu kazini kwangu aliogopa habari ya bima ya dola 44 ya Zanzibar akaahirisha safari. Hiyo ni ya wageni kutoka nje ya nchi. Mtanzania unapanda na kitambulisho chako.

Bi Mkubwa Area D

Mzabibu, siku ya Sea Cliff msiwaache. Wachukueni wote, nyie mkicheza wao dereva awapeleke Mangapwani kwenye pango na kile chumba cha chini walichofichwa watumwa baada ya biashara kupigwa marufuku. Ni karibu. Mchana mnakula pamoja, jioni mko mjini. Kutoka Mji Mkongwe mpaka huko ni karibu nusu saa, hivyo kodisheni gari la siku nzima, msilipie safari mbili.

Boti: mwezi wa saba watalii ni wengi, kateni tiketi mapema na mchukue ya asubuhi, bahari inakuwa tulivu zaidi. Mchana wa kusi mkondo wa Zanzibar unarusha. Mwenye tumbo jepesi asile kitu kizito, akae chini na nyuma ya boti, siyo juu mbele kwenye mandhari nzuri.

Mzabibu wa Hombolo

Mwenye tumbo jepesi ni mdogo wangu. Nitamkatia ya chini.

Mwanachuo Ng'ong'ona

Na urojo mkuu, usisahau kuleta bei.