Tupeane uzoefu: mashine pepe ya Linux ilipogoma kuchukua anwani ya IP

Seva_ya_Jikoni

Wadau, salaam. Uzi huu ni wa wale tuliowahi kuandika `ip a`, amri ya kutazama anwani, mara arobaini kwa usiku mmoja. Kadi ya mtandao iko UP, kila kitu kimeunganishwa, lakini mstari wa inet haupo. Au upo na unaanza na 169.254, ile anwani ambayo mashine hujipa yenyewe ikikosa wa kuipa. Natoa yangu kwanza.

Ofisi yetu iko Ngong Road, watu saba na seva moja chini ya meza ya chai. Nilitengeneza mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta) moja safi ya Ubuntu juu ya KVM, kiendeshaji cha mashine pepe cha Linux, ikanipendeza, nikainakili mara tatu. Zote zinapitia daraja br0, swichi pepe ya kuziunganisha na mtandao wa ofisi, na anwani zinatoka kwa rauta kwa DHCP, utaratibu wa kugawa anwani za IP. Nikawasha ya kwanza: 192.168.1.57. Ya pili: 192.168.1.57. Nikacheka. Ya tatu ilipotoa hiyo hiyo sikucheka tena. Nikiingia kwa ssh niko mashine A, nabonyeza mara mbili inakatika, nikirudi niko C.

Nikashuku MAC, namba ya utambulisho ya kila kadi. Nikazilinganisha herufi kwa herufi: zote zinaanza na 52:54:00 kama kawaida ya KVM, lakini mikia tofauti kabisa. Basi nikalaumu rauta. Nikaizima na kuiwasha, na ofisi nzima ikanizomea kwa sababu ilikuwa tarehe 20 na mhasibu alikuwa katikati ya ritani ya VAT.

Kilichonitoa gizani ni kuinyang'anya rauta kazi ya kugawa anwani na kuipa dnsmasq kwenye seva yenyewe, ili niweze kuona daftari lake. Faili ni `/var/lib/misc/dnsmasq.leases`. Safu ya pili ina MAC, ya tatu IP, ya nne jina la mashine. Safu ya mwisho nilikuwa siisomi kamwe. Siku hiyo niliisoma: mlolongo unaoanza na ff, ndani yake 00:02:00:00:ab:11, na mkia mrefu. Mashine tatu, mkia mmoja.

Fikirieni caretaker wa ploti. Mpangaji anaingia getini anauliza, "Kuna nyumba?" Hiyo ni DISCOVER. Caretaker: "Iko namba 57." OFFER. "Naichukua." REQUEST. "Haya, ni yako mpaka mwisho wa mwezi." ACK. Sasa caretaker huyu haangalii sura, anaangalia kitambulisho. Watu watatu wamekuja na kitambulisho kimoja, kwa hiyo kwake ni mtu yule yule anayesahau ufunguo kila saa.

Kitambulisho hicho systemd-networkd, msimamizi wa mtandao ndani ya mashine, hukitoa kwenye `/etc/machine-id`, na nilipoinakili mashine nilinakili na hiyo faili. Dawa: kabla ya kunakili, `truncate -s 0 /etc/machine-id` kwenye mashine mama, kisha uizime. Kila nakala ikiwaka itajitengenezea yake. Kama nakala zimeshasambaa, weka `dhcp-identifier: mac` kwenye faili ya netplan, mipangilio ya mtandao ya Ubuntu, ndipo irudi kujitambulisha kwa MAC.

Siku mbili zimepotea hivyo. Leteni zenu.

Kebo_Buluu

Hiyo ya machine-id imeumiza wengi waliotoka Ubuntu 16.04 kwenda 18.04, kwa sababu kule nyuma dhclient, programu ya kuomba anwani, ilijitambulisha kwa MAC na kunakili hakukuwa na neno. Ila sisi wa CentOS 6 tulikuwa na msiba wetu: unanakili mashine, unaiwasha, eth0 imepotea na badala yake kuna eth1 isiyo na faili ya mipangilio. Mkosaji ni `70-persistent-net.rules` iliyokuwa imekariri MAC ya zamani. Unaifuta, unawasha upya, mambo yanaendelea.

Nyanya_wa_Kasarani

Yangu ni fupi na ya aibu. Stima ilipotea usiku, ikarudi alfajiri, mashine pepe zote zikagoma hata kuwaka. Nimehangaika hadi saa nne asubuhi. Kumbe:

`virsh net-list --all`

default … inactive … no

Mtandao wa libvirt, programu inayosimamia mashine pepe, ulikuwa umelala. Daraja lake virbr0 halipo, dnsmasq yake haipo, nani atagawa 192.168.122 hapo? `virsh net-start default`, halafu `virsh net-autostart default` ili stima ikipotea tena nisiulizwe. Na stima itapotea.

mwanafunzi_rongai

Mimi niliteswa na waifai. Hosteli yetu haina kebo, kila kitu ni hewani. Mwalimu alitaka tuwe na mashine pepe mbili kwenye mtandao ule ule wa laptopu. Nikaunda daraja, nikajaribu kuingiza wlp3s0, kadi ya waifai, ndani: Operation not supported. Nikasema sawa, nitazunguka. Nikaunda macvlan, kadi pepe yenye MAC yake, juu ya wlp3s0. Hiyo ilikubali bila kelele! Kadi ikawaka, nikaipa dhclient, nikangoja. Nikapika chai. Nikangoja.

Nikafungua `tcpdump -eni wlp3s0 port 67 or port 68`, nisikilize pakiti za DHCP. DISCOVER inatoka kila baada ya sekunde kadhaa, MAC ni ile ya macvlan, na hakuna sauti inayorudi. Kaka mmoja wa mwaka wa nne ndiye aliniambia rauta ya waifai inaijua MAC moja tu, ile iliyoingia na nenosiri. Fremu yenye MAC nyingine kwake ni mgeni aliyepanda matatu bila nauli, inatupwa.

Nikarudi VirtualBox kwenye NAT, yaani mashine pepe inatoka nje kwa anwani ya laptopu. Mashine zote mbili zikapata 10.0.2.15, nikadhani nimeingia kwenye ugonjwa wa Seva_ya_Jikoni. Lakini kule ni sawa, kila mashine iko kwenye NAT yake peke yake, 10.0.2.15 ya huyu haimjui wa jirani. Nilipotaka zionane nikaongeza kadi ya pili ya host-only, mtandao wa ndani ya laptopu tu.

Kaka_Static

Mbona mnajitesa. Weka anwani kwa mkono, uende nyumbani.

Seva_ya_Jikoni

Kaka_Static, na mimi nilifanya hivyo mwaka uliopita. Niliandika anwani inayoishia .20 kwa mkono. Printa ya mhasibu nayo ilikuwa imepewa .20 na rauta. Yule yule mhasibu. Ukitaka ya kudumu, mwambie caretaker aihifadhi kwa jina lako, usivunje kufuli.

Mzee_wa_Luthuli

Vijana, hamjambo. Niwape la zamani kidogo. Mteja alikuwa na mashine moja, kadi moja, akataka anwani tatu kutoka kwa seva ya DHCP. Akaandika eth0:1 na eth0:2, kila moja na `inet dhcp`. Akaniita ananiambia Linux ni mbovu.

eth0:1 si kadi. Ni lebo iliyobandikwa juu ya anwani ya pili ya eth0 ile ile. Haina MAC yake, na ikiomba, inaomba kwa jina la mama yake, hivyo inapewa ile ile ya mama. Ukitaka kadi pepe inayosimama yenyewe, ni macvlan:

`ip link add link eth0 name mv1 type macvlan mode bridge`
`ip link set mv1 up`

halafu ndipo uiombee anwani. Mpe na MAC ya kudumu, maana usipompa atapata ya bahati nasibu kila mkiunda upya, na hodhi la anwani litakauka kwa wapangaji hewa. Hilo nalo nililiona kwenye saiba moja: rauta ilikuwa na anwani 50 za kugawa, muda wa upangaji saa 24, na kijana wa zamu anaunda na kuvunja kontena, programu zilizotengwa kila moja na kadi yake pepe, mchana kutwa. Kufikia saa kumi wateja wa kuchapisha wanalalamika hawapati mtandao.

Na mkumbuke: mwenyeji haongei na macvlan yake kupitia eth0. Mtu asije kusema ping imekataa.

mwanafunzi_rongai

Shikamoo mzee. Na ipvlan je?

Mzee_wa_Luthuli

Marahaba. Ipvlan hutumia MAC moja kwa wote, kwa hiyo kila mmoja lazima abebe kitambulisho chake cha DHCP, la sivyo tunarudi kwa watu watatu wa getini.

Amina_wa_Pangani

Samahanini, mimi sina kisa cha zamani, nina cha leo. Seva ya kazini ina KVM, br0 juu ya kadi eno1, mashine pepe nne. Mwaka mzima zinapata anwani vizuri. Jumamosi nimeweka Docker, ya kuendesha kontena, kwenye seva hiyo hiyo. Tangu hapo hakuna mashine pepe inayopata anwani. Seva yenyewe mtandao inao. Nimeshaanzisha upya kila kitu isipokuwa bosi.

Kebo_Buluu

Dada Amina, tuonyeshe pakiti inafia wapi. Sikiliza kwenye vnet0, mlango wa mashine pepe kwenye daraja, kisha br0, kisha eno1, port 67 or port 68, mashine pepe moja ikiwa inaomba.

Amina_wa_Pangani

vnet0: DISCOVER naiona.
br0: naiona.
eno1: kimya.

Kebo_Buluu

Basi imeuawa ndani ya nyumba yako. Rauta haijawahi hata kuisikia. Angalia vitu viwili: `sysctl net.bridge.bridge-nf-call-iptables` na mstari wa kwanza wa `iptables -S FORWARD`.

Amina_wa_Pangani

Ya kwanza ni 1. Ya pili: `-P FORWARD DROP`.

Kebo_Buluu

Ndiyo hiyo. Tangu toleo la 1.13 la mwaka 2017, Docker huweka FORWARD, sheria ya pakiti zinazopita, kuwa DROP, yaani zitupwe. Peke yake isingekudhuru, maana fremu inayovuka daraja kutoka mlango mmoja hadi mwingine haikupaswa kuonana na iptables, bawabu wa pakiti. Lakini moduli ya br_netfilter ikiingia na hiyo thamani ikawa 1, hata fremu za daraja zinapelekwa kwa bawabu. Na bawabu ameambiwa asipitishe asiyemjua.

Wengi watakwambia uweke 0. Itafanya kazi, ila sheria za Docker zinazotenganisha kontena zinaitegemea hiyo 1. Mimi ningefungua mlango wa br0 tu:

`iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT`

Mzee_wa_Luthuli

Kebo amesema kweli. Na ukiona baada ya hapo inachelewa nusu dakika, angalia kama STP, kinga ya mizunguko ya mtandao, imewashwa kwenye daraja. Mlango mpya hukaa sekunde 15 ukisikiliza na 15 ukijifunza kabla haujapitisha kitu. Udhcpc, muombaji wa anwani wa Alpine, kwa kawaida hutuma maombi 3, sekunde 3 kati yake. Inamaliza maombi hayo daraja likiwa bado linajinyoosha.

Amina_wa_Pangani

Imepita! Mashine ya kwanza imepata papo hapo. Nimeruka hadi jirani akagonga ukuta.

Nyanya_wa_Kasarani

Usifurahi kabla stima haijapotea.

Amina_wa_Pangani

Nyanya una mdomo. Leo saa kumi na mbili asubuhi imepotea Pangani nzima. Seva ilipowaka, sheria haikuwepo, mashine zote hazina anwani. Nimeandika huduma ndogo ya systemd yenye `After=docker.service` inayoiweka ile amri baada ya Docker kumaliza kuwaka, nikazima na kuwasha seva mara mbili. Zote nne zinajichukulia anwani bila mimi kugusa kitu.

Seva_ya_Jikoni, nilipokuwa humo nikachungulia na `/etc/machine-id`. Mbili zinafanana.