Naomba ushauri: kufundisha watu wazima kuandika programu, nianze na Scratch au Python?

Wakuu, habari za jioni. Kila Jumamosi mchana nawafundisha watu 9 wa mtaani kwetu hapa Morogoro kuandika programu za kompyuta. Yupo fundi cherehani, vijana wa bodaboda, na mama mmoja muuza chapati. Laptopu tunazo 3 tu, na wengi hawakuwahi kushika kibodi.

Nilianza na Python, lugha ya programu ambayo amri zake unaziandika kwa kibodi. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri: yule mama aliandika bei = 500, chapati = 12, akazidisha, ikatoka 6000. Alifurahi mno! Jumamosi iliyopita tukataka programu imuulize mteja anataka chapati ngapi, kwa kutumia input, amri ya kupokea jibu la mtu. Akajibu 12, skrini nzima ikajaa 12121212. Sababu naijua: input huleta maandishi, si namba, kwa hiyo Python iliyarudia mara 500, na dawa yake ni int, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba. Lakini kumweleza mtu ambaye kwake 12 ni 12 tu, nilishindwa. Mama akafunga daftari kimya kimya. Niliumia sana.

Sasa nafikiria Scratch, ile iliyobuniwa chuo cha MIT, Marekani, ambayo programu unaitunga kwa kupanga vipande kwa mausi. Ina Kiswahili, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Hofu yangu, watu wazima wasijione wanafundishwa kama watoto.

Aliyewahi kufundisha watu wazima, ulianza na ipi? Na tofauti ya namba na maandishi unaielezaje kwa Kiswahili cha kawaida? Jumamosi ndiyo hiyo inakuja.